Ukubwa wa Chombo

Mtu anayetaka kufuga samaki katika tangi la kioo huulizwa na muuzaji swali moja kabla ya mengine yote: atachukua lipi, dogo au kubwa? Mbele yake yamewekwa mawili. La kwanza huingia lita 60 za maji, na likiwa tupu mtu mmoja huweza kulikumbatia na kulipeleka nyumbani. La pili huingia lita 400. Likijaa, maji yake peke yake yana uzito wa kilo 400, na sakafu isiyo imara haifai kuaminiwa kulihimili. Mnunuzi huutazama mfuko wake, hukitazama chumba chake, na aghalabu hujibu upesi: dogo. Hudhani kwamba amechagua unyenyekevu. Kazi hii ni ngeni kwake, husema moyoni, basi heri aanze na kidogo, ili akikosea akosee kidogo.

Wazo hilo lina sura ya hekima, na katika kazi nyingi za dunia ni hekima kweli. Mwanafunzi wa seremala hupewa kigoda kabla ya kupewa mlango, na mwana wa mvuvi hushikishwa kafi la mtumbwi kabla ya kukabidhiwa jahazi. Lakini waliofuga samaki wa kioo kwa miaka mingi husema kinyume chake. Kwao tangi dogo ndilo gumu, na mgeni wa kazi hiyo hushauriwa aanze na kubwa kwa kadiri awezavyo. Shauri hili huonekana la kushangaza, hata la kutiliwa shaka, maana muuzaji hupata zaidi kwa kubwa kuliko kwa dogo. Walakini sababu zake si za biashara, na ndani yake mna jambo linalowagusa hata watu ambao hawatafuga samaki maishani mwao, hasa wale wanaokaa kandokando ya ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika.

Sababu hizo hudhihirika zaidi kwa mtu atakaye kufuga samaki wa baharini pamoja na matumbawe. Mji wa Mwanza uko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi, na uso wa ziwa lake umeinuka mita 1,134 juu ya usawa wa bahari hiyo. Mtu wa Mwanza atakaye bahari nyumbani kwake hana budi kuitengeneza kwa mikono: gramu 35 hivi za chumvi maalumu kwa kila lita, zikipimwa na kukorogwa mpaka ziyeyuke zote. Bahari hiyo ikishatengenezwa huanza kuharibika siku ile ile. Joto huyainua maji na kuyapeleka hewani, lakini chumvi hairuki, hubaki. Na ichukuliwe kwamba tangi dogo la lita 60 limepoteza lita 2 katika siku chache ambazo mwenyewe alisafiri. Chumvi yake imepanda kutoka gramu 35 hadi kupita 36 kwa lita. Tangi kubwa, kwa kuwa uso wake ni mpana zaidi, limepoteza maji mengi zaidi, labda lita 6, lakini chumvi yake imepanda nusu gramu tu. Samaki wa lile dogo wamehamishwa kutoka bahari moja hadi nyingine bila ya kuondoka mahali pao. Samaki wa lile kubwa hawakutambua kwamba mwenyewe hakuwapo.

Mambo ni yale yale kwa uchafu. Samaki hutoa amonia, hasa kwa matamvua yake, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Katika mawe na mchanga wa tangi lililokomaa hukaa bakteria ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa kujijenga, wala haiharakishwi na hamu ya mwenye tangi. Samaki mmoja akifa usiku nyuma ya jiwe ndani ya lita 60, asubuhi wenzake huweza kukutwa wakihema juu ya maji. Akifa ndani ya lita 400, yamkini mwenye tangi hatajua mpaka atakapowahesabu.

Kwa hiyo husemwa kwamba maji mengi husamehe. Neno hili, kusamehe, ndilo linalohitaji kupimwa. Anayesamehe kwa kawaida ni yule aliyekosewa. Katika tangi aliyekosewa ni samaki, naye hasamehi wala halipizi. Huishi au hufa. Maji nayo hayasamehi neno. Kazi ya maji mengi ni kuchelewesha. Kosa lililotiwa ndani yake halifutwi, huenezwa. Na kitu kilichoenezwa vya kutosha hakionekani. Basi tofauti ya matangi mawili si kwamba moja lina huruma na jingine halina. Tofauti ni urefu wa muda ulio kati ya kosa na hesabu yake. Tangi dogo hudai deni lake kesho asubuhi. Tangi kubwa hukopesha. Na kila mtu aliyewahi kuchukua bidhaa kwa mkopo katika duka la mtu mpole ajua kwamba upole wa mwenye duka haupunguzi deni. Pengine huliongeza, kwa sababu mkopaji hurudi tena na tena.

Jambo hili huonekana hata katika nyumba za wafugaji wenyewe. Mwenye lita 400 huanza na samaki watano. Mwezi wa pili huona nafasi. Mwezi wa nne hupewa wengine na rafiki, naye hawakatai, maana maji yapo. Mwaka ukiisha tangi kubwa limejazwa mpaka limekuwa dogo, ila sasa ni tangi dogo lenye uzito wa kilo 400 na samaki arobaini wa kufa kwa pamoja. Udogo wa chombo hautokani na vioo vyake tu. Ni uwiano wa maji na vilivyomo, na uwiano huo umo mikononi mwa mtu, si mikononi mwa fundi aliyekata vioo.

Wapo watakaosema kwamba, ikiwa ni hivyo, tangi dogo ndilo mwalimu bora. Humwadhibu mkosaji upesi, na adhabu iliyo karibu na kosa ndiyo inayofundisha. Hoja hii ina nguvu, na kwa mlango mmoja ni ya kweli: aliyefuga katika lita 60 kwa mwaka mzima bila ya kuua samaki amejifunza kupima, kuandika, kutazama na kujizuia kuliko yule wa lita 400. Lakini hoja yenyewe husahau kuuliza ni nani apigwaye. Somo ni la mtu, fimbo ni ya samaki. Shule ambayo mwanafunzi akikosea hupigwa mtoto wa jirani haiwezi kusifiwa kwa sababu tu mwanafunzi ametoka na maarifa.

Tena liko jambo jingine ambalo tangi dogo hulifanya, nalo si la sumu wala chumvi. Ili lieleweke ni lazima kuiacha bahari ya kutengenezwa na kuwageukia samaki ambao Mwanza inao kwa asili, ambao leo wamo katika matangi ya kioo ya Ulaya na Marekani kwa wingi kuliko katika nyumba za Mwanza yenyewe. Nao ni furu.

Furu ni jina la wavuvi kwa kundi kubwa la samaki wadogo, ndugu wa sato na ngege, ambao wengi wao hawapiti urefu wa kiganja. Katika Ziwa Victoria peke yake wanakisiwa kuwa zaidi ya aina 500. Wengine walikula konokono, wakiwavunja kwa meno ya kooni. Wengine walikwangua mwani katika mawe, wengine walikula wadudu wa matope, na wengine waliishi kwa kunyang'anya mayai na watoto wa furu wenzao. Jike huyachukua mayai yake kinywani, na kwa majuma mawili au matatu huyalea humo na vifaranga vyake. Waliochimba matope ya chini ya ziwa wameonyesha kwamba ziwa lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Kwa hiyo wingi huu wote wa maumbo na tabia umejipanga katika muda ambao kwa historia ya viumbe ni kama mchana mmoja. Aina moja ya miambani, ambayo dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi, ilipewa mwaka 1985 jina la nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Jamii iliyowekwa ndani yake baadaye iliitwa Pundamilia, na wataalamu wa mataifa yote hulazimika kulitamka neno hilo la Kiswahili.

Dume wa aina hiyo, akiwa katika miamba ya Ghuba ya Mwanza, hushika mahali pake na kuwafukuza madume wengine. Mnyonge hukimbia mita mbili tatu, anapita ukingo wa jiwe, na ugomvi umekwisha. Mwenye nguvu hurudi kwake na mnyonge hutafuta mahali pengine. Dume huyo huyo akiwekwa na mwenzake katika lita 60, mnyonge hukimbia sentimita sitini na kukuta kioo. Hugeuka, hufukuzwa tena, hukuta kioo cha pili. Jioni mapezi yake yamechanika, na katika siku chache hufa pembeni, karibu na pampu. Si kwamba dume wa tangini ni mwovu kuliko dume wa ziwani. Ni yule yule, kwa silika ile ile. Kilichoondolewa ni umbali, na umbali ulikuwa ndiyo sheria ya pekee iliyomlinda mnyonge. Wanafalsafa wameandika mengi juu ya asili ya udhalimu, kama unatoka katika moyo wa mdhalimu au katika mpango wa mji. Furu hawezi kuwajibu, lakini mfano wake wafaa kuwekwa mbele yao.

Wafugaji wamevumbua hila dhidi ya jambo hilo, nayo inastahili kutajwa kwa ajabu yake. Badala ya kupunguza samaki huwaongeza. Dume mkali akizungukwa na wenzake ishirini hashiki mmoja wa kumwandama. Hasira yake hugawanyika, kila mmoja akapata sehemu ndogo, na hakuna afaye. Hila hiyo hufaulu. Lakini samaki wengi huchafua maji kwa wingi, na hivyo amani inayonunuliwa kwa njia hii hulipiwa kwa uchafu, na uchafu hulipiwa kwa kubadili maji kila wakati. Hapana mlango wa kutokea ila mmoja, nao ni maji zaidi.

Mpaka hapa hukumu yaelekea upande wa tangi kubwa. Lakini Mwanza iko kando ya tangi kubwa kuliko matangi yote, na historia yake haimruhusu mtu kuhukumu upesi hivyo.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na kina chake kikubwa kabisa ni mita 80 hivi. Mtu anayesimama Capri Point jioni na kutazama upande wa kaskazini haoni ng'ambo, wala hakuna jicho lililoweza kuiona. Ukubwa huo ndio uliowafanya watu waliopewa madaraka juu yake waamini kwamba haliwezi kujazwa wala kuharibiwa. Nyavu za kisasa zililetwa tangu 1905, na katika muda wa miaka michache ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, akaanza kupungua. Michael Graham alitumwa kupima uvuvi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928. Wakati huo tayari kulikuwako fikira ya kuleta samaki mkubwa mla samaki, sangara, kutoka maji mengine, naye alishauri kwamba jambo hilo lisifanywe bila ya uchunguzi wa kutosha. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer alichapisha maonyo marefu zaidi, akieleza kwamba mla samaki mkubwa akitiwa katika ziwa lisilomjua, hakuna aliyeweza kutabiri mwisho wake. Maonyo yake yalichapishwa kwa kuchelewa kuliko alivyodhani mwandishi wake. Sangara walikwisha kutiwa ziwani upande wa Uganda mwaka 1954, kimya kimya. Mwaka 1962 na 1963 wengine wakatiwa rasmi.

Haifai kudhani kwamba waliofanya hivyo walikuwa wapumbavu au waovu. Hesabu yao ilikuwa na mantiki. Furu, walisema, ni wadogo, wana miiba, nyama yao haiuziki mbali. Ni mali iliyolala. Sangara atawala, naye atawageuza kuwa nyama nzuri ya kilo 50, kilo 100, hata kupita hapo. Ziwa ni kubwa, nafasi ipo. Ni hesabu ile ile ya mwenye lita 400 katika mwezi wake wa pili.

Kwa zaidi ya miaka ishirini ziwa lilinyamaza. Sangara walivuliwa mmoja mmoja, watu wakawastaajabia. Mwanza katika miaka ya 1970 furu walikuwa bado wengi kiasi cha kuvuliwa kwa meli za kukokota nyavu na kusagwa kuwa chakula cha kuku. Tangu 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, pamoja na wenzao wa Tanzania, walikaa Mwanza wakiwapambanua furu wa ghuba aina kwa aina. Aina zilikuwa nyingi kuliko muda wa kuzipa majina ya kitaalamu, kwa hiyo nyingi zilipewa majina ya muda tu, ya kuandikia daftarini. Kisha, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, deni likadaiwa. Sangara wakafurika katika ghuba. Kufikia 1987 furu walikuwa karibu wametoweka katika maji ya wazi na ya vina. Inakisiwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea katika ziwa zima, na nyingi zilipotea zikiwa bado na majina yao ya daftarini.

Sangara hakuwa mkosaji peke yake. Udongo wa mashamba na uchafu wa miji vilikuwa vikiingia kwa muda mrefu, mwani ukastawi, maji ya chini yakakosa oksijeni. Hata mwanga ulipungua. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha, kwa uchunguzi uliofanywa pamoja na mengine katika visiwa vya mawe vya Mwanza, kwamba majike wa furu huwatambua madume wa aina yao kwa rangi. Maji yakiwa mazito rangi hazionekani, aina hukaribiana na kuchanganyika, na wingi hupotea bila ya hata samaki mmoja kuliwa. Na liko jambo moja ambalo mwenye tangi la maji ya chumvi angelitambua mara moja. Maji ya Ziwa Victoria hutoka sehemu ndogo tu kwa Mto Nile pale Jinja. Sehemu iliyo kubwa zaidi hutoka kwa kupaa hewani. Maji hupaa, vilivyomo hubaki.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Sangara alileta kazi. Viwanda vilijengwa Mwanza, minofu ikasafirishwa Ulaya, na nyumba nyingi za mabati kati ya Kirumba na Igoma zimeezekwa kwa fedha yake. Atakayemwambia mzazi aliyesomesha watoto watatu kwa samaki huyo kwamba ingalikuwa heri asingaliletwa, na awe tayari kujibu watoto hao wangalisomeshwa kwa nini. Lakini haki hiyo hiyo yataka isemwe kwamba mnofu ulisafiri na mifupa ikabaki, na neno mapanki likaingia katika Kiswahili cha kanda hii kwa sababu watu walihitaji jina la kitu walichokula. Furu na dagaa hukaushwa juani, na kwa kazi hiyo mwanamke asiye na mtaji aliweza kuendesha nyumba yake. Sangara ana mafuta. Jua halimkaushi, hutaka moto na kuni, na mtu mwenye fedha ya kununua samaki wa kilo nyingi kwa mara moja.

Methali husema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Methali hiyo ina faraja moja ndani yake ambayo aghalabu haionwi: hudhani kwamba mchumaji naye yuko mezani. Katika chombo kikubwa sivyo. Miaka iliyopita kati ya 1954 na 1984 inatosha mtu kustaafu, kurudi kwao na kuzikwa kwa heshima. Waliotia hawakula, waliokula hawakutia. Hapa ndipo ucheleweshaji wa maji mengi unapoacha kuwa jambo la ufundi na kuwa jambo la haki. Tangi dogo huwaadhibu samaki badala ya mtu. Ziwa huwaadhibu watu badala ya watu wengine, na umbali ule ule uliomlinda furu mnyonge miambani humlinda mkosaji.

Huenda ikajibiwa kwamba ziwa si tangi, maana halina mwenyewe. Tangi lina mtu aliyelinunua, aliyelijaza, na anayeweza kuulizwa. Ziwa halikununuliwa na mtu. Jibu hili hupendwa sana, na wanaolipenda ni wengi: mwenye kiwanda, mwenye kokoro, mwenye nyumba ambaye choo chake kimeelekezwa Mto Mirongo. Lakini umiliki wa namna hii hautokani na hati. Mtu aliyetia samaki mmoja katika maji amejifanya mfugaji wa maji hayo, kwa kiasi cha samaki huyo. Aliyetia ndoo ya taka amejifanya mfugaji kwa kiasi cha ndoo. Anayesema ziwa halina mwenyewe anasema kweli kwamba halina mmoja. Hajasema lolote juu ya sehemu yake. Vizimba vya samaki vilivyoenea ziwani katika miaka ya karibuni huliweka jambo hili wazi kuliko hoja yoyote. Kizimba kina mwenyewe, samaki wake wana hesabu, chakula chao kina stakabadhi. Kuta zake ni nyavu. Samaki ni wa mtu mmoja, na mabaki ya chakula ni ya wote.

Wakati ziwa lilipokuwa likiwapoteza furu, baadhi yao walichukuliwa hai wakapelekwa ng'ambo. Tangu wakati huo wamezalishwa katika matangi ya watafiti, ya bustani za wanyama na ya watu wa kawaida wanaowapenda, vizazi kwa vizazi, na miongoni mwao zimo aina ambazo hazijaonekana tena ziwani. Hivyo chombo kidogo kilihifadhi kile ambacho chombo kikubwa kilishindwa kukihifadhi. Hakuna mwenye haki ya kulidharau jambo hilo. Mtu ambaye kwa miaka ishirini amebadilisha maji ya samaki wadogo ambao nchi yake haiwajui, bila ya faida yoyote, amefanya jambo ambalo mamlaka zenye bahari na maziwa zimeshindwa kulifanya.

Lakini ni nini kilichohifadhiwa? Furu wa tangini hajapata kumwona sangara, hajakosa oksijeni, wala hajatafuta chakula. Wazazi wake walikuwa wachache, na uzao wao umeoana ndani ya ukoo. Dume aliye mzito wa kukimbia huishi sawa na aliye mwepesi. Mkabala naye yupo furu mwingine wa Ghuba ya Mwanza, mla viumbe vidogo vya majini, aitwaye na wataalamu Yssichromis pyrrhocephalus. Huyu alidhaniwa kuwa amekwisha, naye akarudi katika miaka ya 1990, sangara walipopungua kwa kuvuliwa. Mwaka 2008 Frans Witte na wenzake waliandika kwamba samaki waliorudi hawakuwa sawa na wale waliokusanywa kabla ya msiba: matamvua yao yalikuwa makubwa zaidi, kama yafaavyo kwa maji yenye oksijeni haba. Basi mmoja ameshika umbo lake akapoteza ulimwengu wake; mwingine ameshika ulimwengu wake akalipa kwa umbo. Akiulizwa mtu ni yupi kati yao aliye furu yule wa zamani, hatapata jibu katika mizani wala katika hadubini. Yaelekea ni sahihi zaidi kumwita wa pili kwa jina lile, kwa sababu yeye bado anafanya kile ambacho furu wote walikuwa wakifanya tangu ziwa lilipojaa maji, yaani kujibizana na maji yao. Huyo wa kwanza anajibizana na mtu mmoja na ndoo yake. Ila bila ya mtu huyo asingalikuwapo wa kuulizwa habari zake.

Mnunuzi bado amesimama mbele ya muuzaji. Kwa yote yaliyosemwa, amchukulie samaki lile kubwa, maana nafasi ni haki ya samaki na si zawadi. Na alijaze kana kwamba ni dogo, kwa samaki watano wale wale, mwezi wa pili na mwaka wa pili. Kisha awe na daftari. Tangi dogo lisingalimruhusu kuishi bila ya daftari. Kubwa litamruhusu kwa muda mrefu sana, na hiyo ndiyo hatari yake. Aandike chumvi, aandike joto, aandike siku aliyoongeza maji na siku ambayo hakuongeza, hata kama samaki wote wanaonekana wazima. Kama hawezi kazi hiyo, asinunue lolote kati ya mawili. Tangi tupu ukutani halimdhuru kiumbe.

Limebaki jambo moja dogo ambalo muuzaji hakuulizwa. Kila juma mwenye tangi hutoa sehemu ya maji ya zamani na kutia mapya, maana nitrati nayo huzidi na haina pa kwenda. Maji ya zamani huchotwa kwa mpira na kujazwa ndoo, yakiwa na rangi ya chai hafifu na harufu ya mbali ya pwani. Ndoo hutolewa nje na kumwagwa mferejini. Mfereji huteremka kati ya nyumba, hupita chini ya barabara na kuingia Mto Mirongo, na Mirongo, baada ya kupita katikati ya mji, huingia ziwani.